Aliyekunywa Yumo

Haya, wewe uliyetulia hapo, nakutegea hiki. Mtoto kazaliwa bila mimba, kafanya kazi bila mikono, kafa bila kuugua. Mama yake anasema hamjui, lakini kila alichochuma mtoto kimo tumboni mwa mama. Ni nani huyo mama? Fikiri kwanza. Usikimbilie kusema mchawi, maana kila asiyejua husema mchawi. Umeshindwa? Basi nipe mji. Makambako siitaki, ina upepo. Nipe Njombe na viazi vyake vyote. Haya, nimekwenda Njombe, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu lake ni kampuni mama.

Blandina Mgaya wa Ilangu hakucheka alipotegewa hicho na mjomba wake, kwa sababu wiki kumi nzima alikuwa akimtafuta mama huyo huyo. Na asubuhi ile ya Alhamisi, kwenye ukumbi wa kata, alimkuta amekaa kwenye benchi kwa umbo la mwanaume mwembamba mwenye koti jeusi.

"Kamwene, mama," alisema mwanaume yule. Alikuwa Wakili Shebughe wa kampuni ya Anga Kuu, katoka Dar es Salaam, na salamu ya watu wa huku kajifunza njiani.

"Kamwene," Blandina akaitika, maana salamu hainyimwi mtu. "Kumbe Anga Kuu wamekuja."

"Nani kaja? Mimi sijaja."

"Si wewe hapo umekaa?"

"Unaniona, mama, lakini sipo. Kama huamini, tazama." Wakili akageuka kwenye sanduku lililokuwa juu ya meza, akaita kama mtu anayeita kuku: "Mzani! Mzani wee! Habari za asubuhi?"

Sanduku likakaa kimya. Watu wawili watatu wa nyuma wakacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Siku hizo Ilangu kucheka kulikuwa na gharama yake.

"Umeona?" alisema Wakili. "Sipo."

Mzani lilikuwa sanduku la rangi ya majivu, kubwa kama debe la mahindi. Halikuwa na macho, lilikuwa na masikio tu, na masikio yenyewe yalichagua. Ukitaka kuingia mapatano unapuliza kwenye kibuyu kidogo cha plastiki, na pumzi ya mtu ina alama zake kama kidole kilivyo na mistari yake. Mzani anaiweka pumzi yako, na tangu siku hiyo sauti yako anaisikia popote utakapokuwa. Asiyepuliza, hata apige kelele mpaka mishipa ya shingo imsimame, kwa Mzani ni ukimya mtupu. Na aliyepuliza hana tena mahakama. Ugomvi wake unaletwa kwa Mzani, mlango unafungwa, na lililosemwa ndani halitoki nje mpaka kiama. Faida yake ni moja: Mzani akiamua saa nne, saa nne na nusu mambo yameshafanyika, kwa kuwa mashine zote za makampuni zimefungwa kamba zake. Haombi mtu kutii.

Karani wa Mzani, binti mmoja aitwaye Yustina, akafunga dirisha, mlango akauacha kwanza, maana hufungwa kesi ikishapokelewa, akachora mstari wa chaki sakafuni. Waliopuliza wakakaa upande huu, wasiopuliza upande ule. Wakili akabaki upande ule, miguu imekunjwa nne. Benchi lilelile, mwisho kabisa karibu na ukuta, alikaa dada mkubwa wa Blandina, Fotunata, wa kijiji cha Kidope ng'ambo ya bonde. Sweta lake la kijani lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakumsalimu mdogo wake.

"Namsikia Blandina Mgaya," Mzani akasema. Sauti yake haikuwa ya kike wala ya kiume. "Namsikia karani. Upande wa pili simsikii mtu."

"Upande wa pili ni Ukungu wa Ilangu," alisema Yustina.

"Ukungu wa Ilangu alifutwa kwenye daftari la makampuni tarehe tatu Juni. Aliyekufa hajibu. Blandina Mgaya, unataka nini?"

"Nataka jina la sabuni," alisema Blandina.

*

Miaka mitatu nyuma alikuja kijana mwenye viatu vya plastiki akasema ukungu wa Ilangu unapotea bure. Na kweli, Ilangu ukungu ulikuwa mwingi kiasi kwamba ng'ombe alikuwa anapotea kwenye zizi lake mwenyewe. Kijana akasema kuna milingoti yenye nyavu nyembamba kuliko utando wa buibui. Ukungu ukipita unanaswa, unakuwa maji, maji yanateremka kwa bomba hadi Dodoma kwenye kiu. Akina mama watoe mashamba ya kusimamishia milingoti, nao wapewe bomba la bure kijijini, maji matamu, mwaka mzima. Blandina, mwenyekiti wa kikundi, akapuliza kibuyu kwa niaba ya wenzake arobaini. Kijana naye akapuliza kwa niaba ya Ukungu wa Ilangu, kampuni changa iliyozaliwa na Anga Kuu, ofisi yake chumba cha kupanga chenye kiti kimoja.

Kidope walikataa. Fotunata ndiye aliyewakataza. "Unampulizia mtu usiyemjua uso," alimwambia mdogo wake siku ile. "Mimi pumzi yangu ninayo moja."

Nyavu zikaota kuvu. Kuvu ikizidi, maji yanapungua, kwa hiyo zinaoshwa kwa sabuni inayorushwa na mlingoti wenyewe. Ilitakiwa mlingoti usimame kwanza ndipo uoshwe. Lakini mwezi wa nne Dodoma walikuwa na kiu kali, mtu fulani Dar es Salaam akaamua zioshwe huku zinafanya kazi. Sabuni ikaingia kwenye ukungu. Ukungu haujui mpaka wa kijiji. Ulikaa siku nne juu ya Ilangu na Kidope, mweupe, una harufu ya maembe mabichi, na watu waliingia ndani yake kwenda kuchimba viazi.

Siku ya sita Tabita, mjukuu wa Fotunata, wa miaka sita, alifariki huku bibi yake amemshika. Wiki iliyofuata Delfina, binti wa pekee wa Blandina, alianza kukohoa, na hadi Alhamisi ile alikuwa hospitali ya misheni na mpira wa hewa puani. Sista daktari alimweleza mama yake bila kuzunguka. "Dawa ziko tatu. Moja itafungua mapafu, mbili zitayafunga kabisa. Lazima nijue alivuta nini. Nikikisia nikakosea, sina mara ya pili. Na siwezi kusubiri zaidi ya Jumapili."

Ukungu wa Ilangu alikuwa ameshafutwa. Blandina alimwandikia Anga Kuu mara tisa, akajibiwa mara moja, mstari mmoja: kampuni yetu haikuwahi kupuliza.

*

"Mzani," alisema Blandina, amesimama, mikono ameikunja mbele kama anayesoma somo kanisani. "Anga Kuu hakupuliza. Sikatai. Lakini nina mambo matatu."

"Sema."

"La kwanza, maji. Nimeleta chupa." Akaiinua, ingawa Mzani hana macho, Yustina akasoma maandishi kwa sauti. Maji ya Ilangu, yameuzwa Dodoma, na jina lililoandikwa ni Anga Kuu. "La pili, amri. Mtoto hakuwa na akili yake. Kila siku ya kuosha nyavu ilipangwa na Anga Kuu, karatasi hizi hapa. La tatu ndilo lenyewe. Mwaka juzi tulikuwa tunaanika nguo kwenye nyaya za milingoti. Tukapata barua kali, tuache mara moja, tunavunja kifungu cha kumi na mbili cha mapatano. Barua hiyo haikutoka kwa mtoto. Ilitoka kwa mama. Siku ile ya nguo zetu mapatano haya yalikuwa yake. Leo ya mapafu yetu hayajui?"

Upande wa pili Wakili alikuwa anatikisa mguu. Akasema kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima usikie, "Mama anasema vizuri. Laiti kungekuwa na mtu wa kumjibu."

"Nyamaza wewe usiyekuwepo," mtu mmoja alimwambia kutoka nyuma, na safari hii waliocheka walikuwa wengi.

"Hayo yanaonyesha faida," Mzani akasema. "Sijaona bado kwa nini faida ifunge mtu asiyepuliza. Una kanuni?"

Blandina aliishia darasa la saba. Kanuni za vitabuni hakuwa nazo. Lakini alikuwa na ulanzi, ile pombe ya mianzi.

"Huku kwetu," alisema, "posa ikija, wazee wanakaa, ulanzi unapita kwa kibuyu kimoja. Kabla haujapita, mwenye nyumba anasema: asiyetaka kuwamo atoke sasa. Unatoka, unakaa jikoni, hakuna atakayekulaumu. Ukibaki ukanywa, umo. Huyo binti akipigwa huko aendako, nawe utaitwa. Baba yetu mdogo aliwahi kunywa. Mambo yalipoharibika akasema, mimi sikutamka neno siku ile. Wazee wakamwambia, koo lako limetamka. Akaenda, akamrudisha binti kwa miguu yake." Akaiinua tena chupa. "Anga Kuu alikuwa na nafasi ya kutoka, hakutoka. Alikaa akanywa miaka mitatu. Aliyekunywa yumo, Mzani. Mimi najua hivyo tu."

Taa ndogo ya Mzani ikawa ya bluu, ikakaa hivyo kwa muda wa kumenya kiazi kimoja.

"Kanuni hiyo inaeleweka," Mzani akasema mwishowe. "Aliyekaa kwenye mapatano, akanywa, hawezi kuyakana yanapomgeukia. Namfungulia Anga Kuu sikio la majaribio. Ajibu."

Wakili akashusha mguu. Akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyevuliwa shuka. Kisha akavuka mstari wa chaki, akarekebisha tai, na tabasamu lake lilirudi upesi mno.

"Ahsante, Mzani. Na mimi naikubali kanuni ya mama."

Mtu anayekulia mahindi yako akikukubalia upesi hivyo, tazama kapu lake.

"Naikubali yote," aliendelea Wakili. "Aliyekunywa yumo. Nauliza tu, na Kidope? Kidope hawakupuliza. Na kwa kuwa hawakupuliza, wametushitaki Mahakama Kuu, Iringa, mlango wazi, waandishi wa habari, kila kitu. Lakini nimesikia kwamba Kidope nao walichota kwenye bomba la mapatano haya. Kama walikunywa, wamo. Na kama wamo, hawana Iringa. Kesi yao ije hapa, mlango ufungwe. Kanuni si ya upande mmoja, mama yangu."

"Kanuni si ya upande mmoja," Mzani akasema. "Nikiifungua, inamfunga kila iliyemgusa. Blandina Mgaya, mshika ufunguo wa bomba la Ilangu ni nani?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiwe unayejua. Je, watu wa Kidope walikunywa?"

Blandina akafungua kinywa.

"Usijibu kwa haraka," Mzani akasema. "Pumzi ya uongo ni fupi, nami naipima. Ukisema uongo, ombi lako lote linafutwa. Ukinyamaza, nafunga sikio, Anga Kuu anarudi nje. Nakupa nusu saa."

*

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na jiko la mama lishe na benchi moja. Fotunata alikuwa ameshakaa, ana kikombe cha chai asichokinywa. Blandina akasimama mbele yake.

"Kaa. Usinisimamie kama askari wa kata," alisema Fotunata.

Blandina akakaa. Ulikuwa mwezi wa baridi, pumzi zao zilionekana.

"Jina la sabuni litatoka leo, Dada. Leo hii. Wakifungwa tu, Mzani anawaagiza, saa sita Sista analo mkononi."

"Nimesikia. Masikio yangu si ya Mzani."

"Iringa ingeweza kuwaagiza?"

"Iringa? Wakili wetu anasema miaka minne. Mitatu kama jaji hatahamishwa." Fotunata akazungusha kikombe. "Mimi sina haraka. Wangu yuko chini tayari."

Blandina akatazama kikombe.

"Unajua ninachotaka Iringa?" alisema Fotunata. "Wala si fidia. Nataka huyo mwenye tai asimame, watu wamejaa mpaka madirishani, aulizwe: Tabita ni nani? Ajibu. Nataka jina lake liandikwe kwenye gazeti na lisomwe na mtu asiyenijua. Ukituingiza kwenye hilo sanduku lako, mlango unafungwa. Hata kwenye kilio sitaruhusiwa kusema mjukuu wangu aliuawa na nini. Nitaambiwa ni siri ya mapatano. Mapatano niliyoyakataa mimi, Blandina! Niliyakataa kwa mdomo wangu mbele ya kijiji!"

"Ulikataa mlingoti."

"Nilikataa."

"Maji hukuyakataa."

Fotunata akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile. Mwaka wa ukame, chemchemi ya Kidope ilipokauka, alikuja mchana na ndoo mbili, hakuomba, alisimama tu karibu na bomba akatazama milima. Blandina alitoa ufunguo, akafungua, akageuka kutazama milima ileile ili dada yake asione aibu. Kesho yake walikuja watano wa Kidope. Wiki iliyofuata kijiji kizima. Wenzake wa kikundi walimlaumu, akawaambia, mnataka nimwambie ndugu yangu nini, kanywe mkataba?

"Ulinifungulia kwa sababu ni dada yako," alisema Fotunata polepole. "Hukuniambia ukinywa umo. Wazee wanasema kwanza, atoke asiyetaka. Wewe ulisema?"

"Sikusema."

"Basi?"

"Nilikuwa sijui, Dada. Kanuni yenyewe nimeitoa leo, kwa kinywa changu."

"Na ni nzuri," alisema Fotunata, na sauti yake ilikuwa chungu kama shubiri. "Nilikuwa nyuma kule nakusikiliza, nikasema moyoni, mdogo wangu huyu angesoma angefika mbali. Ya ulanzi ndiyo iliniua kabisa. Nilitaka kupiga makofi."

Mama lishe akaja kuuliza kama wataongeza chai. Wakasema hapana, wote wawili kwa pamoja, kama walipokuwa wasichana.

"Delfina nilimbeba mimi," alisema Fotunata baada ya hapo. "Wewe ulipokuwa na homa ya uzazi, miezi miwili alilala mgongoni kwangu. Usidhani nimesahau."

"Sidhani."

"Basi usinitazame hivyo. Unataka nikuambie sema? Sisemi. Unataka nikuambie nyamaza, halafu Jumapili nije kukaa na wewe kwenye mkeka wa msiba? Sisemi. Hilo la kwako. Umelipuliza mwenyewe." Akamwaga chai kwenye majani. "Ila nikuombe kitu kimoja. Usilie mle ndani. Yule mwenye tai atafurahi."

*

Walirudi. Yustina akakagua mstari wa chaki. Ulikuwa umefutika kidogo kwa nyayo, akauchora upya. Wakili alikuwa tayari upande wa ndani, ameketi kama mtu wa nyumbani. Hakuwa na wasiwasi. Blandina akisema ndiyo, Iringa imekufa, hakuna gazeti. Akinyamaza, Anga Kuu anarudi kuwa upepo. Alikuwa amekula pande zote mbili za muhindi.

"Mama," alimnong'oneza Blandina akipita, na safari hii hakukuwa na kejeli, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mimi pia nina binti. Sema tu."

"Wako anapumua?" Blandina akamuuliza.

Wakili akaanza kupanga karatasi zake.

Fotunata aliketi palepale mwisho wa benchi, karibu na ukuta, upande wa wasiosikika. Akafungua kifungo cha juu cha sweta, kisha akakifunga tena. Waliomjua, na wote walimjua, walimwona akikaza macho kwenye dirisha lililofungwa kana kwamba linaonyesha kitu.

"Nusu saa imekwisha," Mzani akasema. "Blandina Mgaya, narudia swali. Je, watu wa Kidope walikunywa?"

Blandina alifikiri juu ya kusema "sikumbuki," na akajua kuwa hata hiyo pumzi yake ingekuwa fupi. Alifikiria kusema kwamba maji ya kumpa ndugu si maji ya mapatano. Hilo lilikuwa kweli, kweli kabisa, mbele ya Mungu lilikuwa kweli. Lakini kesho yake Anga Kuu naye angesema ya kwake aliletewa na mwanawe, na ya mwana kwa mama ni zawadi. Na mlango aliousukuma kwa mikono yake asubuhi nzima ungefungwa kwa neno lake mwenyewe. Aliutafuta uso wa dada yake apate hata hasira ya kushikilia. Fotunata hakugeuka.

Alisikia kikohozi cha mtu nyuma, kirefu, kile cha kuvuta kutoka magotini, na moyoni akamwona Delfina kule hospitali, mpira puani, akihesabu mbao za dari.

"Mzani," alisema. "Wakiwamo, naweza mimi kutolewa badala yao?"

"Hapana. Jibu."

"Na nikisema, mtoto Tabita atatajwa hapa ndani?"

"Atatajwa. Nje hatatajwa. Jibu swali."

Ukumbi mzima uliacha kukohoa. Blandina akavuta pumzi, ndefu, kama ile aliyovuta mbele ya kibuyu miaka mitatu iliyopita, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, wala hakulia.

"Walikunywa," akasema. "Dada yangu nilimfungulia bomba mimi."